Mifupa Katika Shamba la Kuazima

Mtu wa kwanza kunieleza kwamba udongo wa Bunia ni mchoyo alikuwa amekunja mikono mbele ya kibanda cha nyama, akigombana na mwenye kibanda. Mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu. Ugomvi ulihusu mifupa ya siku ile, ambayo mwenye nyama alikuwa amewatupia mbwa.

"Unapatia imbwa kitu ya watu," alimwambia.

"Mama Monitere, imbwa naye iko na njaa."

"Imbwa analima wapi?"

Watu walicheka, na mwenye kibanda akacheka pia. Akaingia ndani, akatoka na kichwa cha ng'ombe kilichokwisha kuchunwa, akamtumbukizia mfukoni. Mama yule hakushukuru. Alifunga mfuko kwa kamba, akaondoka kwa mwendo wake wa haraka, amevaa buti za mpira ingawa ulikuwa msimu wa vumbi, na mbwa watatu wakamfuata mpaka kona ya barabara.

Monitere ndivyo tunavyomwita huku mtu aliyesomea kazi ya kuwafundisha wakulima. Yeye alikuwa ameifanya miaka mingi katika vijiji vya Aveba, kusini mwa Irumu, mpaka vita vilipomfukuza. Alifika Bunia kwa miguu, akapanga chumba Rwambuzi, akaazima shamba kwenye mteremko nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa. Kila nitakachosimulia juu yake kinaanzia hapo: shamba halikuwa lake. Mwenyewe, mzee mmoja mfanyabiashara, alimwambia Jumapili moja nje ya kanisa, "Lima tu, mama." Hapakuwa na karatasi. Kila mavuno mama alimpelekea mzee kikapu cha maharagi. Kilichotolewa kwa kinywa kingeweza kurudishwa kwa kinywa, na hilo alilijua kuliko sisi sote, maana shamba hilo ndilo lililomlisha yeye na wajukuu wake wawili.

Na bado aliutia udongo huo mifupa, kitu ambacho huchukua miaka kuiva. Majirani walimwambia waziwazi kwamba anamnenepesha ng'ombe wa mwenzie. Mimi, ambaye kazi yangu redioni ni kuuliza, nilimuuliza mara nyingi kwa nini. Majibu yalibadilika. Mara moja alisema, "Ju niko na njaa leo." Mara nyingine: "Weye nyumba yako ni ya kupanga. Sasa unalala inje mu mvua ju si ya kwako?" Mara nyingi zaidi aliendelea kupalilia kana kwamba hakusikia.

Kuhusu mifupa yenyewe, utaratibu wake ulikuwa huu. Aliichoma ndani ya pipa mpaka ikawa nyeupe na kukatika kama biskuti. Aliitwanga kwenye kinu ambacho hakikuruhusiwa kuguswa na sombe wala kitu kingine cha kuliwa. Alichekecha kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, akapata unga laini wa rangi ya majivu. Ndani yake, aliniambia, kuna fosforasi, chakula ambacho mmea huhitaji ili upate mizizi na mbegu. Udongo wetu mwekundu huishika fosforasi na kuifungia, kama mtu anayeficha nyama kabatini wageni wakiwa wamekaa barazani. Kwa hiyo kwanza aliulainisha udongo kwa majivu ya jikoni. Kisha hakutawanya unga juu ya ardhi. Aliuweka ndani ya shimo, pale pale mbegu ilipolala.

"Mupe mu kinywa," alikuwa akisema. "Usimupe mu mugongo."

Katika mji kama wetu, mtu hawezi kupita barabarani na mfuko wa mifupa bila watu kutaka kujua ni mifupa ya nani. Tumeona mengi. Wiki zake za kwanza hapa wanawake walivuka barabara walipomwona, na vijana fulani walimsimamisha wakamwamuru amwage mzigo chini. Hakubishana nao. Alimwaga, akaokota kipande kimoja baada ya kingine, akawatajia: ubavu, goti, taya. Tangu siku hiyo aliweka taya la ng'ombe juu ya mzigo, meno yakitokeza mdomoni mwa mfuko, ili kila anayekutana naye asome jibu kabla ya kuuliza. Hakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Nililielewa kwa kumtazama tu.

Wengi walidhani kwamba, kwa kuwa anachoma mifupa, anaichukia mbolea ya dukani, ile tunayoiita angre, inayoingia kwa malori kutoka Uganda na kuuzwa sokoni kwa kopo. Haikuwa hivyo. "Mufupa ni bugali," alisema, "angre ni chai ya sukari. Asubuhi unakunywa chai, unapata nguvu. Lakini nani anaishi na chai?" Yeye aliitumia, ila kwa kipimo kilichowachekesha watu: kifuniko kimoja cha chupa ya bia kwa kila shimo. Alihesabu kwa Kifaransa, kama wanavyohesabu wengi wetu waliopita shule, "en, de, trwa," na hakuzungumza na mtu mpaka mstari uishe.

Vifuniko hivyo vilimletea balaa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya katika kanisa lisiloruhusu pombe, na vifuniko vya bia havipatikani kanisani. Asubuhi, wakati baa zinafagiliwa, alipita mlango kwa mlango na kikapu chake. Habari zikawafikia wazee wa kanisa, wakamwita. Mwanakwaya mmoja aliyekuwapo alinisimulia.

"Mama, banakuona mu nganda," mzee mmoja alianza. Nganda ni baa.

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Bamekudanganya. Mara duze." Duze ni kumi na mbili.

Akainua kikapu, akamwaga vifuniko vyote juu ya meza ya kikao, juu ya vitabu vya nyimbo, vingine vikabiringika mpaka chini ya viti. Akawaambia kila kifuniko ni shimo moja la mahindi, na asiyeamini aje ahesabu. Walimsimamisha kuimba Jumapili mbili hata hivyo, kwa sababu ya namna alivyojibu. Msimu uliofuata mke wa mchungaji alikuja kwake kimya kimya kuomba vifuniko ishirini. Alimpa, lakini kwanza alimfanya aseme kwa sauti anachotaka.

Kosa ninalolipenda zaidi katika kumbukumbu zangu za mtaa huu ni la jirani yetu aliyehamia kutoka Butembo, muuza viatu, Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi. Nyuma ya nyumba yake alipanda mahindi, na majani yake yakaanza kugeuka zambarau kwenye kingo, kisha shina nalo. Jirani alifurahi. Rangi ile aliijua: ni rangi ya mkanda na kofia ya askofu. Akaamini amepata aina mpya. Alichagua mimea iliyoiva zaidi kwa zambarau, akaifunga nyuzi ili aihifadhi kuwa mbegu, akawaahidi na ndugu zake huko Butembo.

"Mama Monitere, kuya uone," alimwita. "Mungu ananipatia mahindi ya Monsenyere."

Mama akang'oa mmea mmoja kwanza, akatazama mizizi, kwa maana, alivyonieleza baadaye, baridi au maji yaliyotuama yanaweza kuleta rangi hiyo hiyo. Kisha akanyanyua jani mbele ya jua.

"Nyinyi Bakatoliki," alisema, "padri anavaa rangi hii wakati gani?"

"Mu Kwaresima."

"Na mu Kwaresima munafanya nini?"

"Tunafunga."

"Basi. Mahindi yako inafunga. Lakini yeye hakuomba kufunga."

Jirani akaanza kufungua nyuzi moja moja. Tangu hapo, Rwambuzi nzima, shamba lenye majani ya zambarau likawa "shamba iko mu Kwaresima". Wanawake walisalimiana hivyo njiani: "Yako imetoka Kwaresima?" "Bado, mama, bado inafunga." Hata Waislamu waliorudi kutoka machimbo ya dhahabu walilitumia neno hilo bila kujiuliza limetoka wapi.

Mmoja wa wachimbaji hao alirudi na mfuko mzima wa angre mabegani, na wa pili kwenye pikipiki. Alitaka mahindi ya haraka. Alitawanya kwa viganja, mvua ikanyesha usiku ule ule, na asubuhi mtaro wa barabara ulikuwa mwekundu kama chai. Mama Monitere alisimama pembeni akimtazama.

"Weye unachimba zahabu," alimwambia. "Shimo ikiisha munafanya nini?"

"Tunahama, mama. Tunatafuta ingine."

"Hii angre nayo inatoka mu shimo. Kuna fasi ya mbali bato banachimba mawe yake. Hiyo ikiisha, tutahama wapi na tumbo?"

"Wakati ile mi nitakuwa nimekufa."

"Baba yako naye njo vile alisema?"

Mchimbaji alicheka mpaka akakaa chini. Lakini siku chache baadaye nilimwona akichimba mitaro ya kukata mteremko, ili maji yasipite moja kwa moja.

Nisije nikamchora kama mtu asiyekosea. Alikosea, na hakupenda kuonyeshwa. Kwa miaka alikuwa akiagiza vichwa na miiba ya samaki aitwaye kapiteni kutoka Tchomia, kando ya Ziwa Albert, kwa madereva wanaoleta samaki wa kukaushwa na kufukizwa. Alilieleza jambo hilo kama haki: udongo wetu unachukuliwa na mvua, unaingia mtoni, unafika ziwani, samaki wanaula, nasi tunaurudisha nyumbani kwa njia ya miiba. Maelezo hayo yalinivutia hata nikataka kuyatangaza. Kabla ya hapo nikaangalia ramani, nikauliza watu wanaojua mito. Maji ya Bunia hayaendi Ziwa Albert. Yanateremka magharibi, yanaingia mto Ituri, yanapotelea msituni.

Nilipomwambia, alinuna. Aliendelea kuchekecha unga wake kama dakika kumi.

"Basi samaki ya Tchomia banatulisha bure," alisema hatimaye. "Na sisi tunalisha msitu bure." Akachekecha tena. "Usiseme ile mu radio."

Alihubiri uvumilivu, lakini hakuweza kumsubiri dereva wa pikipiki aweke mafuta. Alishuka akaenda kwa miguu. Alituambia tusichome mabua, tuyaache yaoze shambani, na mwaka mmoja aliyachoma ya kwake yote kwa hasira kwa sababu panya walikuwa wamekula mbegu zake. Moshi uliingia chumbani kwangu. Nilipotoka kumtazama, alisema, "Leo mi si monitere."

Jambo moja hakulibadilisha kamwe. Katika kila kipande alichokilisha, aliacha mstari mmoja bila kitu: si unga wa mfupa, si majivu, si angre. Mstari huo aliuita shahidi. Watu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni fungu la kumi la Mungu, wengine kwamba ni sehemu ya wafu wake wa Aveba, na wanawake wawili walikuwa wanauzunguka kwa adabu. Nilimuuliza. Alishangaa kwamba kuna cha kuuliza.

"Bila shahidi, nani ataniambia niko na bongo?" Bongo kwetu ni uongo.

Miaka ya mwanzo shahidi alikuwa mfupi, mwembamba, wa zambarau, kati ya mistari iliyomzidi kimo. Kisha msimu mmoja, katika kipande cha juu kabisa cha mteremko, alichokilisha kwanza, aliweka shahidi mpya mahali palipokuwa pamelishwa, akasubiri. Mstari ule ukakua sawa na wenzake. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile. Alinivuta kwa mkono, akanipitisha katikati ya mahindi, akaniambia nitafute shahidi yuko wapi. Nilishindwa.

"Imeshiba," alisema. "Huku juu sasa tunarudisha tu ile yenye tunatoa, mavuno kwa mavuno. Ukiongeza zaidi, unamwaga maji mu mutungi yenye imejaa."

Akaacha kulisha kipande hicho, akahamia cha chini yake. Alikuwa akishuka hivyo, kipande kwa kipande, na katika miaka yote niliyomjua alifika nusu ya mteremko.

Nusu hiyo ilionekana kutoka barabarani. Mahindi yalikuwa meusi kwa ukijani, maharagi yamebeba mpaka chini. Nadhani hapo ndipo alipolipoteza shamba.

Jirani muuza viatu ndiye aliyeniambia. Nilikwenda, nikamkuta Mama Monitere anavuna maharagi, wajukuu wakiweka mashina kwenye turubai. Nikamuuliza mzee alisema nini.

"Alisema mukwe wake anataka kulima," alijibu bila kuinua kichwa. Akang'oa shina, akakung'uta udongo kwenye mizizi, akaurudisha shimoni kwa kiganja. "Alisema shamba inaonekana muzuri."

Nikafungua kinywa, na swali langu la siku zote lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi.

"Leo usiniulize," alisema.

Miezi iliyofuata alipanda lengalenga, mchicha wetu, kwenye magunia nyuma ya chumba chake. Mifupa hakwenda kuitafuta tena. Wajukuu walianza kula mara moja kwa siku, na mdogo alikuwa anapita kwetu wakati wa chakula, anasalimia kwa heshima nyingi, anakaa. Tulielewa, tukamwekea sahani. Mama hakutuuliza alikuwa wapi.

Nilimkuta tena kwenye mteremko mwanzoni mwa mvua. Nilikuwa napita, nikasikia sauti yake. Alikuwa amesimama pembeni mwa shamba, na ndani yake mkwe wa mzee, mwanaume wa makamo, fundi wa pikipiki, alikuwa na mfuko wa angre uliofunguliwa, anatawanya kwa kiganja.

"Mufuko ngapi?" Mama alimuuliza.

"Mbili. Juu ya nini?"

"Funga."

"Namna gani, funga?"

"Huku juu udongo imeshiba. Nilimulisha mi. Unatupa pesa yako."

Fundi akanitazama mimi, kama mtu anayetaka kujua kama mama huyu ana akili timamu. Kisha akafuta mikono kwenye suruali. "Mama, muzee alisema unaweza kuya kunisumbua. Unataka nini kwangu?"

"Kwako? Hakuna kitu. Sikukuya ju yako. Nilikuya ju ya udongo."

Aliingia shambani bila kukaribishwa. Alipita mstari kwa mstari akionyesha kwa kidole: hapa mifupa miaka sita, pale minne, hapa majivu mengi, pale jiwe liko karibu usichimbe sana. Fundi alimfuata, kwanza kwa kumheshimu tu mtu mzima, kisha akiuliza. Mwishoni alikuwa anauliza zaidi kuliko anavyonyamaza. Walifika mahali ambapo majani yanabadilika, yanakuwa mafupi na makavu, na mteremko unaendelea kushuka.

"Na kule chini?"

"Kule chini sikufika."

Fundi alitazama mfuko wake. "Nikiweka hii yote kule?"

"Utapata mwaka moja. Mwaka ya pili utaniuliza imeenda wapi."

"Sasa kule inaomba nini?"

"Inaomba mutu."

"Mi niko fundi, mama. Niko na siku moja tu mu juma."

"Najua. Niliona mistari yako."

Fundi akacheka, naye alikuwa na haki ya kukasirika. Mistari yake ilikuwa imepinda kweli. Alikaa juu ya mfuko, akafikiri. "Basi fika, mama," alisema. "Ulime kule chini, huku juu unionyeshe."

Nilitegemea ashukuru, au alie, maana nilijua sahani ya mjukuu wake ilikuwa wapi. Alisimama wima tu.

"Unasema na kinywa?"

"Nitasema na nini ingine?"

"Kinywa ya bokilo yako nilishasikia." Bokilo ni mkwe, yaani yule mzee.

"Mi ananipatia na karatasi. Shamba ni yangu sasa, nikisema ni nimesema."

"Karatasi," alisema Mama Monitere, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukutana na neno hilo. "Basi na mi nipatie karatasi. Miaka ngapi?"

"Tatu."

"Tatu ni ya mahindi. Mufupa inaomba sete." Sete ni saba.

"Sete! Mama, hata ndoa ya siku hizi haifike sete. Senki."

Alitazama mteremko wa chini, midomo ikihesabu polepole, kipande kwa kipande. Sikujua kama alikuwa anahesabu udongo au umri wake.

"Senki," alikubali, akanigeukia. "Weye wa radio, uko na kalamu. Andika."

Niliandika kwenye goti: nani anampa nani, kutoka kwenye jiwe la katikati ya mteremko mpaka mtaro wa chini, miaka mitano. Fundi akaweka sahihi na kuacha alama ya kidole chenye oili. Mama akaisoma yote mara mbili, akanirudishia.

"Unasahau kitu. Andika: kuanzia leo."

Nikainama kuandika. Nilipoinua kichwa, karatasi ilikuwa bado mkononi mwangu, na yeye alikuwa ameshateremka.